Mbwa Watatu Wasiokuwemo Kwenye Fomu

Katika kijiji alichozaliwa Bisera, karatasi yenye mhuri haiambiwi ukweli. Jambo hilo halifundishwi shuleni. Mtoto hulinyonya pamoja na maziwa. Akija mtu wa manispaa na jalada kwapani, kuku ishirini huwa saba, mtambo wa rakia, pombe yetu kali ya matunda, huwa pipa la kabichi, na mbwa huwa hawapo kabisa. Pita kijijini saa yoyote uone kama hutabwekewa kutoka ua wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha fungua daftari la manispaa usome: mbwa, sifuri. Kodi ya mbwa, na ile sindano ya kumtia kichipu shingoni, ni mambo ya watu wa Sofia, mji mkuu, wanaowavisha mbwa wao sweta.

Todor, baba yake Bisera, alikuwa bingwa wa fani hiyo. Siku moja mhesabu mbwa alimkuta kasimama uani, na dume la mbwa linamlamba kiatu.

"Na huyu?"

"Huyu? Huyu anapita tu."

Alipita miaka kumi na mmoja, mpaka akafa kwa uzee na kuzikwa nyuma ya nyumba.

Bisera aliuacha mlima akiwa na miaka kumi na tisa, akasomea Plovdiv miaka miwili kazi ya kupiga picha za ndani ya mwili, akarudi mji mdogo ulio chini ya kijiji chao na hakutoka tena. Miaka ishirini alipiga picha vifua vya watu katika chumba cha chini ya ardhi: vuta pumzi, usipumue, pumua. Mume wake alikwenda Hispania kuchuma stroberi msimu mmoja. Msimu huo haujaisha mpaka leo. Binti yake yuko Ujerumani, anawaogesha wazee wa wengine. Kisha hospitali ikapata MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, iliyotumika kwanza Austria ikachokwa huko, kama majokofu yetu na mabasi yetu, na Bisera akapewa yeye, kwa kuwa wenzake wote walikuwa karibu na pensheni na hawakutaka kujifunza kitu kipya cha kuwaudhi.

Kuipiga picha ni kazi moja, kuisoma ni nyingine. Hospitali yao haikuwa na msomaji. Picha zilisafirishwa kwa mtandao hadi Sofia, kwa Daktari Ignatov, ambaye alizisomea hospitali saba na ambaye Bisera hakuwahi kumwona uso. Alimjua kwa sauti, na kwa mistari minne aliyoiongeza mwenyewe mwishoni mwa fomu ya picha za kichwa: kazi, mifugo, mbwa, safari za nje. Bisera aliijaza mistari hiyo kwa miaka sita bila kuuliza ni ya nini. Aliyekula mshahara wa serikali hujifunza kujaza kwanza.

Mwezi wa Novemba akaja Manol.

Alikuwa mchungaji wa kijiji kile kile, mtu wa miaka sitini na tatu, jirani wa Todor ukuta kwa ukuta. Si ndugu wa damu, lakini Bisera alimwita mjomba tangu alipoota meno. Aliletwa na mkewe Kera, ambaye alimshika mkono wa kushoto kama mtu anayeongoza ng'ombe aliyenunuliwa.

"Tangu kiangazi kichwa kinamuuma," alisema Kera. "Asubuhi anatapika. Na upande huu haoni. Anagonga milango. Nyumba kaijenga mwenyewe na anagonga milango yake."

"Milango imesogea," alisema Manol.

"Imesogea kwa rakia?"

"Rakia ingeisogeza yote miwili, mwanamke. Huu unasogea mmoja."

Rusi, msaidizi wa chumba, alimpapasa mifuko akitafuta chuma, maana sumaku ya mashine ile haina mzaha. Akatoa kisu, ufunguo wa zizi, misumari mitatu, na kengele ndogo ya kondoo.

"Mzee, umekuja hospitali au umekuja kujenga?"

"Angalia na soksi," alisema Kera. Kwenye soksi kulikuwa na kisu kingine.

Bisera alikaa na fomu. Mhuri wa hospitali ulikuwa juu yake, mviringo wa bluu, na aliona jicho la Manol, lile lililokuwa bado zima, likitua hapo na kubaki.

"Kazi, mjomba?"

"Mstaafu."

"Mifugo?"

"Sina." Hilo hata kisheria lilikuwa kweli. Kondoo wote mia na ishirini walikuwa wa Kera, kwenye karatasi.

"Mbwa?"

Koti lake lilikuwa limejaa manyoya ya kijivu na meupe. Bisera aliwajua watatu wote kwa majina: Karaman, Murjo, na jike lao Liska, ambaye Manol alimnyonyesha kwa chupa, akalala naye kibandani kwa wiki tatu ndani ya koti moja. Kera aliangalia dirisha. Rusi aliangalia viatu. Mzee wako akisema uongo mbele ya mhuri, humkosoi. Hiyo ndiyo adabu yenyewe.

"Sina mbwa," alisema Manol.

Bisera akaandika: hakuna.

Wakamwingiza. Mashine ikaanza kugonga na kukoroma, na sauti yake ikatoka kwenye kipaza: "Binti Todor! Nani kawafungia kengele hizi?"

"Usiseme, mjomba. Lala kimya."

Wachungaji wa milima ile huchagua kengele za kundi moja moja, kubwa na ndogo, miaka na miaka, mpaka kundi zima likitembea lisikike kama wimbo mmoja. Manol alisifika wilaya nzima kwa sikio hilo. Alikaa kimya dakika ishirini. Halafu, walipokwisha kumdunga dawa ya kung'arisha na kuanza picha za mwisho, zilizo muhimu kuliko zote, alianza kutikisa kichwa taratibu, akihesabu mapigo.

"Ya tatu iko chini!" alisema. "Itoeni hiyo ya tatu, inaharibu zote!"

Picha za mwisho zikatoka na ukungu. Nje kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, mmoja wao akilia kwa maumivu ya mgongo. Bisera alijiambia zinatosha.

Lakini zile za mwanzo zilikuwa safi. Upande wa kulia wa ubongo, nyuma, kulikuwa na mpira. Si donge, si doa. Mpira mviringo, mkubwa kama chungwa, umejaa maji meupe, ukingo wake mwembamba kama umechorwa kwa penseli. Ubongo ulikuwa umesogea pembeni kuupisha, bila kuvimba, kwa adabu.

"Mama yangu," alisema Rusi. "Mzee kataga yai."

Bisera hakucheka. Alikuwa ameuona mpira huo zamani, mahali pengine. Kila mwaka siku ya Mtakatifu Dimitar, kondoo waliposhushwa kutoka malishoni, Todor alichinja majike waliozeeka, na ini lilitoka na vifuko vyeupe vya maji, vidogo kama njugu, vikubwa kama yai la bata. Todor alivikata kwa ncha ya kisu na kumtupia yule mbwa aliyekuwa anapita. Chakula hakitupwi. Kila ua ulifanya hivyo siku hiyo, na mbwa wote walijilamba. Shuleni kulikuwa na bango: kondoo, mbwa, mtu, na mishale kati yao. Mbwa akila kifuko hupata tegu tumboni, mayai ya tegu hutoka na kinyesi, hushika manyoya, manyoya hushikwa na mkono, mkono huenda mdomoni. Bango lilining'inizwa juu ya ndoo ya maji. Watoto walilichora masharubu.

Huo ndio wakati wa kusema. Naye alifanya nini? Alizituma picha. Wewe ni mpiga picha, alijiambia, si msomaji; msomaji analipwa kuona. Hata mpumbavu hupata busara pale anapotaka kunyamaza.

Manol alipelekwa hospitali moja ya Plovdiv kwa gari la wagonjwa, na Jumanne majibu ya Ignatov yakarudi. Bisera aliyasoma akiwa amesimama. Uvimbe wenye maji, au jipu la siku nyingi. Picha za mwisho hazionyeshi vizuri kama ukingo unang'aa. Kisha mstari huu: *Kifuko cha tegu wa mbwa hakitarajiwi, kwa kuwa mgonjwa hafugi mifugo wala mbwa.*

Alipiga simu Plovdiv kuuliza kitu kimoja tu. Wangefanya nini? Alhamisi asubuhi, alisema muuguzi, kwa upole: watatoboa tundu dogo na kunyonya maji kwa sindano. Ni jambo dogo.

Kwa jipu ni jambo dogo. Kifuko cha tegu ukikitoboa, maji yake yakimwagika, mwili unaweza kuruka kichaa na mtu akafia mezani. Na akipona, kila tone limeshapanda vifuko vingine. Bisera alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Halafu akapiga Sofia.

"Daktari, yule mzee wa mpira. Ana mbwa."

"Fomu inasema hana."

"Ndiyo."

"Aliijaza nani?"

"Mimi."

Alisikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Na ulijua?"

"Alikuwa na manyoya kwenye koti, daktari."

"Manyoya." Akapumua. "Bibi Bisera, unajua mistari ile minne niliiweka kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya yule mmoja. Miaka sita nangoja yule mmoja, na amekuja, na umemwandikia hakuna. Na picha zenye ukungu hukuzirudia?"

"Kulikuwa na foleni."

"Sawa. Ningeuona mwenyewe, hata bila fomu. Nilipaswa kuuona. Niliamini karatasi kuliko macho. Natuma sahihisho sasa hivi."

Jumatano adhuhuri alipigiwa na mpasuaji mwenyewe, Daktari Haralanova, mwanamke aliyesema kama anayekata nyuzi. "Nina sahihisho la Sofia, na nina mgonjwa anayeapa kwa Mungu na watakatifu kwamba hajawahi kugusa mbwa. Nimemuuliza mara tatu. Kipimo cha damu kinasema hapana, ingawa kwa ubongo kipimo hicho hudanganya. Kumfungua kichwa wazi mtu wa umri huo si sawa na sindano. Nimwamini nani?"

"Ulimuuliza ukiwa na karatasi mkononi?"

"Bila shaka nilikuwa na karatasi. Mimi ni daktari."

Bisera alivaa koti, akamwambia Rusi afunge chumba, akapanda basi la saa nane.

Alimkuta Manol kakaa kitandani, kichwa kimenyolewa upande mmoja, sahani ya supu mbele yake. Alikuwa amekula nusu ya kulia tu. Nusu ya kushoto hakuiona.

"Binti Todor! Wamekutuma uniletee visu vyangu?"

"Mjomba, kesho wakikutoboa kwa sindano utakufa. Waambie una mbwa."

Akainamisha macho kwenye supu. "Sina mbwa."

"Mjomba. Ni mimi."

"Wewe una mhuri siku hizi." Akashusha sauti. "Unajua watakavyofanya? Wataandika. Wakiandika watakuja. Wakija watasema mbwa wana ugonjwa, na mbwa mgonjwa anafanywaje? Mwaka ule wa homa ya nguruwe hawakumbakizia mtu hata nguruwe mmoja. Na mbwa wakienda, mbwa mwitu hawangoji barua."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na mfichua mbwa wa watu, yeye huumbuliwa na nani?"

Bisera alimwangalia mikono, mikubwa, iliyopasuka, mkono wa kushoto umelala juu ya shuka kama umesahauliwa na mtu mwingine.

"Liska ana mimba," alisema Manol. "Usiniulize tena, mwanangu. Nikifa, nimekufa. Mtu hufa. Wale wako kazini."

Daktari Haralanova akaingia, na karatasi yake mkononi, na Manol akanyoosha mgongo na kuvaa uso wa manispaa. Bisera aliujua uso huo. Ulikuwa uso wa baba yake. Akatoa simu. Kijiji kile kinawaficha mbwa wake kwa serikali miaka hamsini, halafu sikukuu ikifika kinawaweka Facebook: hapo palikuwa na Manol siku ya Mtakatifu Iliya, kalewa kidogo, kacheka, Karaman huku, Murjo kule, na Liska kamwekea miguu kifuani, ulimi wake umefika kwenye kidevu.

"Huyo ndiye mgonjwa wako," alisema Bisera. "Kondoo mia na ishirini. Matumbo huwapa mbwa. Sote hufanya hivyo."

Daktari aliitazama picha kwa muda, kisha akamtazama Manol. Manol hakumtazama yeyote. Alijigeuza taratibu akaelekea ukutani, upande wa kushoto, ule asiouona.

Walimfungua kichwa kwa saa tano. Hawakuugusa mpira kwa chuma. Walipitisha maji chini yake kidogo kidogo kwa mrija laini, kichwa kimeinamishwa, mpaka ukatoka wenyewe, mzima, ukateleza ndani ya bakuli. "Kama uzazi," alisema Haralanova kwenye simu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikukata kitu. Manol ataishi. Jicho la upande ule halitarudi, mkono utakuwa mzito, dawa za tegu miezi mingi. Lakini ataishi.

Bisera alilia chumbani kwa mashine. Rusi alimpa leso yake na kumwambia ni safi, uongo mwingine.

Ugonjwa kama huo sheria inataka uarifiwe. Hospitali iliarifu, na siku ya Jumatatu daktari wa mifugo wa wilaya akapanda mlimani, kijana mwembamba, viatu vya mjini. Kwenye mkoba alikuwa na vidonge, na soseji ya kuvifichia. Kila mbwa kidonge, kila wiki sita, na matumbo ya kondoo yazikwe, basi. Alikuta minyororo mitatu na bakuli tatu.

Kera alikuwa amesikia Ijumaa kwamba "wanakuja." Hakuuliza wanakuja na nini. Kijijini hakuna aliyewahi kuuliza. Aliogopa watachukua na kondoo pia, kwa ugonjwa ule ule, akamwita mwindaji wa kijiji cha chini. Jumamosi asubuhi, risasi nne. Liska alihitaji mbili.

Alimpigia Bisera mwenyewe. Hakupaza sauti.

"Wewe umeandika, mwanangu," alisema Kera. "Sisi tumefuta."

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Mbwa mwitu hawakungoja barua: kondoo kumi na mmoja kabla ya Krismasi, tisa baada yake, pamoja na dume la kundi. Manol, aliyekwisha kurudi nyumbani, alitoka usiku na tochi mara mbili, na mara zote mbili alianguka upande asiouona. Februari Kera akauza waliobaki, kwa kuwa walikuwa wake. Mnunuzi hakutaka kengele.

Walikuja Machi, kwa picha ya kuangalia kama mpira haujarudi. Kwenye kifundo cha mkono wa Manol kulikuwa na uzi mwekundu na mweupe wa mwezi huo, wa kuombea afya, umefungwa na Kera. Alikuwa amekonda, na koti lilikuwa safi. Rusi alimpapasa mifuko akiwa na maneno tayari mdomoni. Haikuwa na kitu. Hata soksi. Rusi akayameza maneno yake.

Bisera aliweka fomu mezani. Angeweza kuijaza mwenyewe, majibu aliyajua. Lakini aliogopa kujaza tangu siku ile, akauliza kila mstari.

"Kazi, mjomba?"

"Mstaafu."

"Mifugo?"

"Sina."

Kalamu ikasimama. Kera aliangalia dirisha.

"Uliza," alisema Manol. "Si ipo kwenye karatasi? Uliza."

"Mbwa?"

Alimtazama, si mhuri safari hii, yeye, kwa nusu ya macho aliyoachiwa.

"Sina mbwa," alisema.

Bisera akaandika: hakuna. Ilikuwa fomu ile ile, neno kwa neno, na sasa ilikuwa kweli tupu.

Wakamwingiza. Mashine ikagonga, ikakoroma, ile ya tatu iko chini kama kawaida, inaharibu zote. Bisera alisogeza kidole karibu na kitufe cha kipaza, akangoja sauti. Dakika ishirini, thelathini. Picha zikashuka moja moja kwenye skrini: mahali pa mpira palikuwa na shimo, na ndani yake maji ya kawaida ya mwili. Mpira haukurudi. Na picha za mwisho, zilizo muhimu kuliko zote, zilitoka safi kuliko zozote alizowahi kupiga, kwa kuwa aliyelala mle ndani hakutikisika hata mara moja.